Pembe ya Kushoto

Juzi, kesho yake ikiwa Idi, nilimpeleka binti yangu saluni ya jirani akanyooshwe nywele. Msusi alikuwa na wateja wengi na maneno mengi zaidi, na katikati ya umbea wake kitana cha moto kikakawia kichwani pa mtoto. Moshi mwembamba ukapanda. Binti yangu akapiga kelele, msusi akacheka na kumpaka mafuta ya nta palepale. Harufu ya unywele ulioungua ikachanganyika na harufu ya nta, na mimi, mwanamke mzima niliyekuwa nimekaa pale napiga soga, nikajikuta machozi yananitoka mbele za watu. Msusi akadhani moshi umeniingia machoni. Nikamwacha adhani hivyo hivyo.

Sisi tuliokulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili katika mji wa Warundi, wakati ule, kila mmoja ana harufu yake ya vita. Wengine watakutajia baruti. Wengine watakutajia mafuta ya taa, kwa sababu umeme ulikatika mpaka tukasahau swichi ziko wapi. Dada yake Baba mpaka leo hawezi kukaa karibu na sufuria ya maharage, kwa yale ya msaada yaliyochemka kutwa nzima na yasiive. Yangu mimi ni nta na unywele. Ukutani kwangu nimetundika pembe mbili za ng'ombe, ndefu kama mkono wa mtu mzima, nyeupe zenye ncha nyeusi na mshipa mwekundu uliojizungusha katikati. Wageni hudhani ni mapambo. Wakiuliza huwaambia ni za babu yangu, ingawa yule mzee hakuwa ndugu wa yeyote katika nyumba yetu.

Baba alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa ua wetu. Mama alianika nguo juu ya milango ya magari mabovu, kuku walitagia ndani ya kabini ya lori lisilo na injini, na mimi nilijua kabureta ni nini kabla ya kujua alifu na be. Asubuhi moja, watu walipokuwa wakishuka mjini na magodoro vichwani, wakikimbia mapigano ya bonde la mto Rusizi, mzee mmoja mrefu sana alisimama langoni petu. Hakuwa na godoro. Alikuwa na fimbo, na kitu kirefu kilichozungushiwa kitambaa, amekipakata kama mtoto mchanga.

"Amashyo!" alisema.

Baba alikuwa mvunguni mwa gari. "Anasema nini huyo?"

"Anakuombea ng'ombe," Mama alijibu kutoka jikoni. "Upate makundi."

"Umwambie mi naomba injini."

Mama hakumwambia hivyo. Alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akamwitikia, "Amashongore," kama inavyotakiwa, maana Mama alizaliwa huko bondeni, kwa watu wa ng'ombe, kabla ya kuletwa mjini angali msichana, akaolewa Buyenzi na kusilimu. Yule mzee aliposikia jibu lile aliweka fimbo chini, akakaa kwenye tairi kuukuu, akaanza kulia taratibu bila kujificha. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume mzima akilia. Baba alitoka mvunguni, akamtazama, akaniambia nikalete chai.

Jina lake lilikuwa Bukuru. Yeye na watu wake walikuwa wafugaji wa kuhama. Kiangazi walishuka na ng'ombe mpaka mtoni, mvua zikianza wakapanda nao kwenye miteremko, na nyumba yao ilikuwa popote ng'ombe walipolala. Risasi zilipoanza, kundi lilitawanyika. Ng'ombe wengine walichukuliwa, wengine waliuawa, na watu nao vilevile. Mama alimpa chumba cha nyuma ambamo Baba alikuwa akiweka vipuri. Jirani yetu Bibi Zuhura, ambaye mambo ya watu yalimuhusu kuliko wenyewe, hakukawia kufika.

"Fundi, chakula chenyewe hakitoshi, na we unajibebesha mizigo ya watu."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, Bibi."

"Huyu amekuwa nundu yako tangu lini?"

"Tangu jana," alisema Baba, akarudi mvunguni.

Lakini kilichomuuma Bibi Zuhura zaidi ya chakula ni kile kitu ndani ya kitambaa. Aliona ncha yake ikichomoza, akakimbia avenyu yetu nzima, nyumba hadi nyumba, akitangaza. Kwetu pembe ilikuwa na kazi moja tu, uganga, na mzee mgeni mwenye pembe ndefu hivyo alikuwa mganga wa kuogopwa. Mimi nilimwamini Bibi Zuhura kwa roho yote. Kila nikipita mbele ya chumba cha nyuma nilisoma Kulhuwallahu mbio mbio, nikimeza nusu ya maneno, na nikifika salama jikoni nilijipongeza kwa ucha Mungu wangu.

Kisha siku moja, jua likiwa utosini, Mzee Bukuru alitoka chumbani, akasimama katikati ya ua akielekea kaskazini, bondeni, akaweka ubavu wa ile pembe mdomoni. Haipulizwi kwa ncha. Ina tundu ubavuni. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena chini. Kuku walitawanyika. Mimi nilijificha nyuma ya mapipa ya oili. Baba alikuja mbio na spana mkononi, akamshika mkono.

"Mzee! We unataka kutuua? Kule mwisho wa avenyu kuko askari. Huko milimani pembe inaita watu vitani. Watasema nini wakisikia?"

"Si ya vita," alisema Mzee Bukuru. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alikiokota neno moja moja. "Ni ya ndugu."

Mama akatafsiri yaliyobaki. Mzee Bukuru alikuwa na pacha. Kwa Warundi, pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, kwa hiyo jina lake peke yake lilitosha kusema kwamba yupo mwingine. Walipokuwa vijana, alikufa ng'ombe mmoja aliyekuwa akiongoza kundi la baba yao. Alikufa kwa uzee. Ng'ombe wa namna ile hachinjwi. Baba yao alizitoa pembe zake, akazifukia kwenye samadi mpaka nyama ya ndani ikalegea na kutoka, akazikwangua, akazitoboa kwa chuma cha moto, akazipaka samli. Ya kulia ilikuwa ya Bukuru, ya kushoto ya Butoyi. Wakichunga mbalimbali, jua likifika utosini, wakati wa kupumzisha ng'ombe, mmoja alipuliza na mwingine akaitikia. Pembe za kichwa kimoja zina sauti moja, alisema, hata ng'ombe huzijua. Siku ya risasi ndugu hao walikimbia kila mmoja upande wake. Tangu hapo alikuwa akipuliza kila adhuhuri, popote alipofika, na hakuitikiwa.

Baba alijikuna kichwa kwa mkono wenye grisi. Alikuwa mtu wa kufoka haraka na kupoa haraka, na mambo ya ndugu yalimshinda nguvu.

"Sawa. Itapulizwa," alisema. "Lakini mi nitakuambia wakati gani."

Kesho yake nilielewa. Ilipofika saa sita mchana Baba alipiga mluzi, na vijana wake wote wakashika nyundo wakaanza kugonga tole, yaani bati la magari. Ya lazima na isiyo ya lazima, waliigonga. Gereji ya pili ikaitikia, na ya tatu ng'ambo ya barabara, kwa sababu Baba alikuwa ameshazungumza nao. Buyenzi ikalia chuma mtindo mmoja. Na katikati ya makelele yale Mzee Bukuru akasimama akapuliza pembe yake, na askari mwisho wa avenyu hakusikia ila mafundi wakifanya kazi kwa bidii kupita kiasi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila adhuhuri. Mwadhini wetu alilalamika kwamba tunamchokoza kabla hajapanda kuadhini. Wanawake wa avenyu walianza kupimia mapishi yao kwa nyundo zile. Hata Bibi Zuhura, akisikia mluzi wa Baba, alichukua kifuniko cha sufuria akagonga, na ukimuuliza alisema anatoa masizi.

Hofu yangu ilikwisha hapo. Nikawa namfuata mzee yule kama mkia. Alinitengenezea pembe ndogo ya mbuzi, kutoka kwa mchinjaji wa sokoni, na nilimwona akipasha msumari kwenye jiko la makaa mpaka ukawa mwekundu, akausukuma taratibu ubavuni mwa pembe. Ilinuka unywele uliounguzwa. Baba alimletea mashine ya kutobolea, ile ya kuzungusha kwa mkono, akitaka kumrahisishia, akakataa kwa adabu. Mashine hupasua, alisema. Huko kwao wasichana hawapulizi pembe. Aliniambia hivyo huku akinipa.

"Kumbe mbona unanipa?"

"Hapa si kwetu," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza.

Nilipuliza mpaka Mama akatishia kuitupa chooni. Pembe yangu ikizibwa na uchafu, Mzee Bukuru alinionyesha namna ya kuizibua kwa njiti, kisha kuipaka mafuta kidogo. Tundu lazima liwe wazi, alikuwa akiniambia. Pembe iliyozibwa haina faida. Nilishika somo hilo kuliko yote ya shuleni.

Kisha habari za bondeni zikazidi kuwa mbaya. Waliokuja wapya walisimulia wachungaji walioonekana wameanguka kando ya mto, lakini hawakuweza kusema ni akina nani. Mzee Bukuru aliuliza kila mmoja: mzee mrefu, mwenye pembe ya kushoto? Hakuna aliyejua. Akaanza kurudisha sahani zikiwa na chakula. Mama alimpikia uji wa maziwa, akaonja kijiko kimoja akaweka chini.

"Mzee, kula."

"Sijui kama Butoyi amekula."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila siku. Akapata na homa. Alibaki mkekani, mifupa yake ikaanza kuonekana mabegani, na adhuhuri Baba na kijana mwingine walimwinua kwa kwapa akapulize, maana bila hilo hakutaka hata maji. Pumzi ilikuwa haifiki. Sauti ilitoka imepasuka, na vijana wakagonga tole polepole ili wasimzidi. Nilisikia Mama akimwambia Baba jikoni kwamba mzee huyu haumwi homa tu, na asipopata habari njema atatufia mikononi. Mimi nilianza kumwomba Mungu kila swala amlete Butoyi, na nikaongeza maelezo, asije akaleta Butoyi mwingine: mrefu, pembe ya kushoto, mshipa mwekundu.

Kwa hiyo lori lile lilipoingia gerejini, sikushangaa hata kidogo. Nilijua limetumwa. Lilikuja kutengenezwa breki, limetoka njia ya bondeni na msafara wa kijeshi, limejaa matope. Shofere alikuwa mtu mnene mchangamfu. Na kwenye kioo cha pembeni, imefungwa kwa kamba, ilining'inia pembe ndefu nyeupe, ncha nyeusi, mshipa mwekundu katikati. Ilikuwa imejikunja upande wa pili.

Nilipiga kelele mpaka Baba akadhani nimebanwa na jeki. "Ya Butoyi! Ya Butoyi!"

"We mutoto unaijua?" shofere aliniuliza. "Basi nashukuru. Mzee mmoja alinisimamisha kule karibu ya mto, akanipa. Akasema nikifika mujini nionyeshe watu wa ng'ombe, yule anaijua aichukue. Mi sijui maana yake, nikaifunga pale isipotee."

"Mzee mrefu?"

"Mrefu? Wale wa kule wote ni warefu, sha."

"Alikuwa na njaa?"

"Njaa si ya kuuliza. Nilimupa unga kidogo, akaondoka."

Hesabu yangu ilikuwa imekamilika. Mzee, mrefu, ana pembe ya kushoto: ni nani kama si Butoyi mwenyewe? Na amepewa unga. Amekula! Nilinyoosha mikono niipokee nikimbie nayo, lakini Mama alikuwa amefika kabla yangu. Aliichukua, akaigeuza, akalitazama tundu la ubavuni. Lilikuwa limezibwa kwa kitu cheusi kigumu, na ndani yake vinywele vimechomoza. Mama akakaa chini, palepale kwenye udongo wenye oili, na kanga yake nzuri.

"Mama, ina uchafu tu," nilimwambia. "Mi najua kuizibua."

Alinitazama. "Ndiyo," alisema. "Ni uchafu. Hatuwezi kumupelekea mugonjwa kitu kichafu."

Nikamletea njiti, haikuingia. Akapasha msumari jikoni. Msumari ulipogusa tundu, kile kitu cheusi kilichemka, kikatoa harufu ya asali, halafu vile vinywele vikaungua, na harufu mbili zile zikajaa jiko zima. Kilimtiririkia vidoleni, na pembe hakuiacha. Niliona ngozi yake ikiinuka malengelenge huku akikwangua, midomo ameibana, machozi yanamshuka. Nilimwonea huruma kwa moto. Baba alisimama mlangoni akimtazama, akataka kusema neno, Mama akamtikisia kichwa. Kisha akapitisha kitambaa chenye samli, tundu likawa jeupe safi, akanikabidhi. Hakunifundisha la kusema. Hakukuwa na haja.

Nilikimbia. "Mzee! Butoyi ameleta pembe yake! Shofere amemwona! Amempa unga, amekula!"

Mzee Bukuru alijiinua kwa kiwiko. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipitishia shavu lake urefu wote. Akatia kidole cha mwisho ndani ya tundu, akakizungusha, akakitoa, akakinusa. Alikaa hivyo, kidole puani, macho yamefumbwa. Alipoyafumbua hakunitazama mimi. Alitazama juu ya kichwa changu, mlangoni, alipokuwa amesimama Mama, na Mama akaficha mikono ndani ya kanga. Nilidhani anaona haya kwa masizi.

"Amekula?" Mzee Bukuru aliniuliza.

"Amekula! Wallahi!"

Machozi yalikuwa yakimshuka mashavuni mwake, na mimi nilikuwa nimeshasikia kwamba watu wazima wanaweza kulia kwa furaha, kwa hiyo nilifurahi kuyaona.

"Basi," alisema, "leta na mi nile."

Akala. Alikula uji wote, taratibu, kijiko baada ya kijiko, kama mtu anayefanya kazi aliyopewa, na mimi nikisimama mbele yake nikimhesabia. Mama aligeuka akaenda nje. Baada ya siku chache homa ilimwacha, akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Tangu hapo adhuhuri alipuliza pembe mbili: ya kulia kwanza, akaishusha, akangoja kidogo, kisha ya kushoto. Nilipomuuliza mbona anajiitikia mwenyewe, alisema anaiweka sauti ya Butoyi isikauke. Nikaona ni akili nzuri. Baba wakati huo aligonga tole ameinamisha kichwa, na sikumwona hata siku moja akiangalia upande ule.

Vita havikuisha siku moja. Viliisha kama homa ya malaria, leo nafuu, kesho imerudi, mpaka siku moja ukagundua kwamba umelala usiku mzima bila kushtuka. Nilikuwa nimeshakuwa msichana wa sekondari, mwenye haya ya kupuliza pembe ya mbuzi mbele za watu, Mzee Bukuru alipotuambia anarudi bondeni. Butoyi alikuwa hajaja. Mimi nilikuwa nimeacha kuuliza, kama mtu anavyoacha michezo ya utotoni, bila kukumbuka ni lini hasa. Baba aliuza injini aliyokuwa akiipenda kuliko sisi sote, akamnunulia mtamba mwekundu. Mzee Bukuru alimzunguka yule mtamba, akampapasa nundu, akamgeukia Baba.

"Fundi, siku ile nilikuombea ng'ombe, we ukaomba injini."

"Na nimepata vyote, sasa unanichukulia," alisema Baba.

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono wasiachane. Mimi alinipa kitu kirefu ndani ya kitambaa. Akaniwekea mkono kichwani, akaniita mwana wanje, mwanangu, kisha akashika fimbo akamtanguliza mtamba wake barabarani, katikati ya pikipiki na mikokoteni, kama vile njia nzima ni yake.

Nilifungua kitambaa jikoni. Ilikuwa pembe ya kushoto. Tundu lake lilikuwa limezibwa kwa nta mpya, na ndani ya nta zilionekana nywele fupi nyeupe.

"Mama, ona, ameiziba! Kwa nini aizibe?"

Mama aliishika, akazigusa zile nywele. "Hizi ni nywele zake mwenyewe," alisema. "Hakuwa na ng'ombe wa ndugu yake wa kumukatia." Ndipo akanieleza alichokuwa amekijua tangu siku ya lori, alichokiona kwao angali mtoto. Mchungaji akifa, pembe yake hufungwa kinywa kwa nta na singa za mkia wa ng'ombe wake. Hufungwa na wa nyumbani kwake. Kama hana, na yule aliyemzika. Kisha hupelekwa mkono kwa mkono mpaka iwafikie walio wake, na wao wakiona kinywa kimefungwa hawaulizi zaidi. Yule mzee wa njiani hakuwa Butoyi. Alikuwa mtu aliyemzika Butoyi.

"Angekufa, mwanangu," Mama alisema. "Kama angeiona imefungwa, angekufa wiki ile ile. Nikasema mi nitaifungua, kama ni dhambi iwe yangu. Miaka yote hii nilidhani nimemudanganya."

Nilikumbuka kidole kile puani. Nta haitoki yote ndani ya pembe. Unaweza kukwangua utakavyo, harufu inabaki. Alijua papo hapo. Alijua nikiwa nimesimama mbele yake napiga makofi, na Mama mlangoni na vidole vilivyoungua, akapima ni nani kati yetu wa kumwangusha, asimwone hata mmoja. Akaagiza uji. Kijiko baada ya kijiko, alikuwa akitulisha sisi.

Tulilia mimi na Mama mpaka wali ukaungua.

Habari zake zilikuja mara moja moja: mtamba amezaa, mtamba amezaa tena. Kisha mwaka mmoja, nikiwa nimeshaolewa na nimekuja kumtembelea Baba, kijana mrefu alisimama langoni, akasema, "Amashyo." Mkononi alikuwa na pembe ya kulia. Nilikimbilia tundu lake kwa macho. Lilikuwa wazi. Moyo wangu, mjinga ule ule wa zamani, uliruka kwa furaha.

"Mzee amefariki," alisema yule kijana. "Tumemuzika vizuri, watu walikuwa wengi. Tulitaka kumufungia, lakini mwenyewe alikataza. Alisema, 'Huku wako wa kunizika. Wa kunifungia wako Buyenzi, kwa fundi.'" Akafungua jani la mgomba lililokauka. Ndani yake kulikuwa na bonge la nta, na singa ndefu nyekundu za mkia wa ng'ombe.

Baba alikuwa mzee sasa, macho yamepungua, lakini bado alishinda gerejini akiwafokea vijana. Aliipapasa pembe ile kwa viganja vyake vyeusi. "Nundu yetu," alisema. Kisha akaangalia jua, na badala ya kupiga mluzi akainua mkono. Nyundo za gereji yetu zikanyamaza. Akamtuma kijana ng'ambo ya barabara, na huko nako zikanyamaza, na kwa jirani, mpaka avenyu nzima ikatulia na watu wakaanza kutoka milangoni kuuliza kumetokea nini.

"Puliza, mutoto wangu," Baba aliniambia. "Leo hatuna wa kumuficha."

Nilielekea kaskazini nikapuliza. Sikuwa na pumzi ya mchungaji, lakini ilitoka nene, ikapanda, ikakatika, na bila nyundo niliisikia jinsi ilivyokuwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mapipa ya oili. Tulingoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja yeye. Kisha nikaingia jikoni, nikaweka nta kwenye kijiko juu ya makaa, nikazikata singa. Mikono ya Mama haikuweza tena kazi hiyo, kwa hiyo alikaa karibu nami kwenye kigoda akinielekeza. Nta ilipoyeyuka singa moja ikaangukia kwenye makaa, na ile harufu ikapanda. Nilichovya kidole nianze kuziba, Mama akanishika mkono.

"Ngoja ipoe kidogo, mwanangu," alisema. "Inaunguza sana ile."